Mzee hatatundikiwa maji matupu

"Daktari, tukikubali, si mzee atatundikiwa maji matupu huku wenzake wanapewa dawa?" Kila ninapowaeleza watoto wa mgonjwa wa saratani ya umio kwamba upo utafiti wa tiba anaoweza kuingia, swali ni hilo hilo. Nimelijibu koridoni hadi nimechoka.

Hapana. Saratani hii ina tiba inayojulikana, hata kama haitoshi, na penye tiba ni mwiko kumnyima mgonjwa ili tuone itakuwaje. Aliyeangukia kundi la kulinganishia hupewa tiba ambayo angepewa hata asingejiunga. Utafiti wa CROSS, uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012, ulikuwa na wagonjwa 366. Karibu nusu walipelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji, maana ndiyo iliyokuwa tiba ya siku zile. Waliobaki walitanguliziwa majuma matano ya kemo na mionzi, ndipo wakapasuliwa. Katika kundi la kwanza nusu walikuwa bado hai baada ya miezi 24. Katika kundi la pili, baada ya miezi 49. Maji matupu hakupewa mtu.

Aliyesoma zaidi atanikumbusha utafiti wa CheckMate 577, uliochapishwa mwaka 2021, ambao kweli ulitumia dripu isiyo na dawa. Lakini nani aliyetundikiwa? Wagonjwa wote 794 walikuwa wamekwisha kupata kemo, mionzi na upasuaji. Katika hatua hiyo, desturi ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani na kumfuatilia kliniki. Wa dripu tupu hakunyang'anywa tiba yoyote.

Linaloniuma ni hili: familia inakataa utafiti kwa kuogopa mzee "kufanyiwa majaribio", kisha wiki inayofuata inamnywesha mizizi iliyochemshwa na mtu asiyejua hata uvimbe uko wapi. Hilo ndilo jaribio, tena lisilo na fomu, lisilo na kipimo, wala mtu wa kuhesabu waliozikwa. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha mitishamba cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Dawa mpya ya utafiti nayo inaweza kushindwa au kudhuru, sikatai. Ila humo kuna watu wenye kazi ya kuliona hilo mapema na kusimamisha.

Sasa ya kufanya. Tanzania, ulizieni kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kenya, cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, muisome nyumbani bila haraka. Mgonjwa anaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yake ya kawaida yakaendelea. Ulizeni nauli, vipimo, na nani atagharimia madhara. Mkiombwa pesa ya dawa inayojaribiwa, ondokeni. Tajeni mitishamba yote anayokunywa. Na kama hata uji haupiti, atafutiwe stenti ya kupanua umio, kama wanavyofanya Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, kwa miaka mingi. Hiyo haisubiri utafiti.

Zaidi ya yote, wahini. Tafiti nyingi za tiba ya kwanza hazimpokei aliyekwisha kuanza kemo. Ulizeni siku majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yanapotoka, kabla dripu ya kwanza haijatundikwa.