Petroli Hainyonywi: Kabureta ya Dar Ikipanda Njombe

Msomaji mmoja wa Njombe ameleta swali. Amefumua injini ya Land Rover Series III aliyorithi kwa baba yake: ringi mpya, beringi mpya, valvu zimesagwa, gasketi ya kichwa imebadilishwa. Kabureta ni Zenith 36 IV ya siku zote. Ilisafishwa na kuwekwa sawa na fundi wa Dar es Salaam kabla gari halijapanda. Dar ilivuta vizuri. Njombe inakula mafuta, plagi zinatoka zimejaa masizi makavu, na kila fundi anayechungulia anataka kuifumua injini upya. Anauliza alikosea wapi.

Hakukosea, na ushahidi uko kwenye hizo plagi. Ringi zikishindwa kazi, plagi hutoka imelowa oili. Masizi makavu yanasema jambo jingine: petroli imezidi hewa. Basi injini iachwe ilivyo. Apime kompresheni, silinda zote nne zikaribiane. Ahakikishe nafasi ya tapeti ni milimita 0.25, kisha afunge kifuniko. Habari za mipigo minne naziruka, zimo katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari. Mimi nataka kuingia ndani ya kabureta.

Katikati yake pana sehemu nyembamba ambayo hewa yote ya injini hupitia. Wenye elimu huiita venturi, kwa jina la Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano aliyechapisha majaribio yake ya maji ndani ya mabomba mwaka 1797, wakati hakuna aliyeota gari la petroli. Mimi nitaiita koo. Nilifikiria kibano, lakini hicho tayari ni kifaa cha kushikia. Shingo nayo inataja umbo la nje, na hapa kazi yote hufanywa na umbo la ndani. Koo, basi.

Tuchukue koo lenye kipenyo cha sentimita 3. Injini hii ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, inameza karibu lita 3,400 za hewa kwa dakika. Ili hewa yote hiyo ipite kwenye koo dogo namna ile, lazima iende mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 290 kwa saa, ndani ya gari ambalo lenyewe haliwezi hata nusu ya mwendo huo!

Hewa ikikimbia hivyo, kanieneo yake hushuka. Daniel Bernoulli aliliandika jambo hili mwaka 1738, na hadi leo watu wanalikataa, kwa sababu akili inasema penye wembamba ndipo penye kubanana. Nenda ukasubiri kivuko Magogoni saa ya watu kurudi Kigamboni. Watu wamejaa, kifua kwa mgongo, geti limefungwa. Likifunguliwa, mtazame anayebanwa. Si yule anayepita getini. Huyo anakimbia, na mbele yake pana nafasi. Anayebanwa ni wa nyuma, na msukumo wa huko nyuma ndio uliompa wa mbele mbio zake. Kama getini pangekuwa na msukumo uleule, nani angeongeza mwendo, na kwa nguvu ya nani? Sasa toboa mlango mdogo pembeni, palepale getini, na nyuma yake panga wauza samaki na ndoo zao, nao wanasukumana. Wanaopita wakikimbia, nafasi zinaachika, na muuza samaki mmoja anachomoka na kuingia. Hakuna aliyemvuta mkono. Wenzake wamemsukuma mahali ambapo hapakuwa na wa kumzuia. Kadiri msafara unavyokimbia, ndivyo wauza samaki wanavyoingia wengi zaidi, bila ya askari wa kuwahesabu.

Muuza samaki ni petroli, mlango mdogo ni jeti, yaani tundu la kupitishia petroli, na wanaomsukuma ni hewa ya kawaida iliyolala juu ya petroli ndani ya chemba ya boya. Petroli hainyonywi na injini, inasukumwa na anga. Na msukumo wenyewe si mkubwa: kwa mwendo ule wa mita 80, kanieneo ya kooni hushuka kwa takriban asilimia 4 tu ya kanieneo ya anga. Hiyo ingetosha kupandisha maji sentimita 40 ndani ya mrija. Kabureta nzima inaishi kwa asilimia hizo 4.

Hapa ndipo Njombe inapoingia. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na lita moja ya hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 18 hivi. Pistoni hazina habari. Zinameza lita zilezile kwa kasi ileile. Tofauti ya kanieneo kooni nayo inashuka kwa asilimia 18. Mpaka hapo ungesema petroli na hewa zimepungua sawa. Lakini mtiririko wa petroli kwenye jeti hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, na kipeuo cha pili cha 0.82 ni karibu 0.91. Hewa imepungua kwa asilimia 18, petroli kwa 9 tu! Kama fundi wa Dar aliweka gramu 13 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, kiwango kizuri kwa nguvu, Njombe kinashuka chini ya 12. Petroli huhitaji 14.7 ili iungue yote. Sehemu ya ile inayokosa oksijeni hugeuka masizi.

Dawa ni jeti kuu. Namba yake kwa kawaida ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita. Petroli inayopita hufuata eneo la tundu, kwa hiyo kupunguza asilimia 9 ya petroli kunataka kupunguza asilimia 5 tu ya kipenyo: tuseme jeti yako ni 125, jaribu 120. Skrubu ya pembeni ambayo kila mtu huikimbilia na bisibisi inatawala mngurumo wa gari likiwa limesimama, basi. Ukiwa umeifungua kabureta, tazama pia kama uso wa kifuniko umepinda kwa joto, ugonjwa wa Zenith hizi. Ulaze kwenye msasa juu ya kioo uunyooshe, na ubadilishe ringi ndogo ya mpira, maana petroli hupenya hapo bila kupitia jeti. Choki ifunguke yote, filta ya hewa iwe safi, kazi ifanyike nje, mbali na moto.

Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa haitarudi kwa jeti yoyote. Kitakachorudi ni mafuta na plagi safi. Na jeti ya zamani usiitupe. Siku ukishuka Dar na jeti ya Njombe, mchanganyiko utakuwa na petroli pungufu kuliko alivyoweka fundi wa Dar, injini inaweza kupata joto zaidi, na valvu za moshi ulizosaga kwa gharama zinaweza kuungua. Kila mwinuko na jeti yake.