Dawa ya minyoo: Tembe ngapi, kwa nani, na mara ngapi?

Ukiingia duka la dawa mjini na kuomba "dawa ya minyoo", huenda ukapewa tembe moja, tembe sita au chupa ndogo ya dawa ya maji, na yote hayo yakawa sawa. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mzazi aliyepewa sita husikia kwamba jirani yake alimeza moja tu, naye humeza moja na kuzificha zilizobaki kabatini. Mwingine humkatia mtoto nusu akihofia kuwa tembe nzima ni kali mno. Wote wawili hutumia pesa zao na kubaki na minyoo wao.

Msomaji, jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kipimo hutegemea dawa uliyopewa na aina ya minyoo uliyo nayo. Hakitegemei jinsi tumbo linavyokuuma.

Moja au sita?

Dawa zinazotumiwa zaidi ni albendazoli na mebendazoli. Albendazoli humezwa mara moja: miligramu 400 kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili hupewa miligramu 200. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe bila ushauri wa daktari.

Huenda ukauliza: yawezekanaje mtoto wa miaka mitatu apewe kipimo sawa na cha baba yake? Sababu ni kwamba dawa hii hufanya kazi ndani ya utumbo, waliko minyoo, na ni sehemu ndogo tu inayoingia katika damu. Humzuia mnyoo kupata sukari anayoihitaji ili aishi, naye hufa polepole kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usipoona kitu chooni kesho yake, usikimbilie kumeza nyingine.

Mebendazoli nayo hutolewa kwa njia mbili. Kuna tembe moja ya miligramu 500, na kuna tembe za miligramu 100 ambazo humezwa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Hizo ndizo zile sita. Ukiacha siku ya kwanza kwa sababu tumbo limetulia, umemeza theluthi moja tu ya dawa yako.

Si minyoo wote wanaosikia tembe moja. Minyoo wa mviringo, wale wakubwa, huondoka kwa urahisi. Kwa safura, wanaofyonza damu utumboni, albendazoli ya mara moja hufaulu zaidi kuliko mebendazoli ya mara moja. Minyoo aina ya mjeledi ni wagumu, na daktari anaweza kukuandikia dawa ya siku tatu. Wale wadogo weupe kama nyuzi, wanaowasha sehemu ya haja kubwa usiku, huhitaji kipimo cha pili baada ya wiki mbili, kwa kuwa mayai yao huweza kunusurika. Jamaa wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja.

Soma chupa

Dawa ya maji ina mtego wake. Chupa ya mililita 10 na ile ya mililita 20 zinaweza zote kuwa na miligramu 400 za albendazoli. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu atahitaji mililita 5 kutoka chupa ya kwanza, lakini mililita 10 kutoka ya pili. Usipime kwa kukumbuka ulivyofanya mwaka jana. Soma miligramu zilizoandikwa, au mwombe muuzaji akuonyeshe.

Kichocho ni habari nyingine

Ikiwa umeoga au kuvua samaki katika Ziwa Victoria, kulima mpunga Mwea, au kuogelea katika vidimbwi vya Pwani, ukaona damu kwenye mkojo au choo, tembe za kawaida hazitakusaidia. Minyoo wa kichocho huishi katika mishipa ya damu. Dawa yao ni prazikwanteli, nayo hupimwa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 humeza tembe nne za miligramu 600, na mtoto wa kilo 30 humeza mbili. Imezwe baada ya chakula, na kwanza upimwe kliniki.

Tahadhari

Mama mjamzito asimeze dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza. Mtoto mdogo asagiwe tembe na kupewa kwa maji. Kumbana pua au kumlazimisha akilia kunaweza kumpalia. Tumbo la mtoto likifura na kuuma sana huku akitapika, mpeleke hospitali mara moja, kwani minyoo wanaweza kuziba utumbo.

Uliza pia kama mtoto alipewa dawa shuleni. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo ulianza mwaka wa 2009. Kama alimeza juma lililopita, hahitaji nyingine nyumbani leo.

Mwisho, dawa huua minyoo waliomo tumboni, lakini haiwazuii wengine kuingia. Mnyoo mmoja jike wa mviringo hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, nayo huweza kukaa udongoni kwa miaka. Osha sukuma wiki na matunda kwa maji safi, nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni, na uwavishe watoto viatu. Na ugonjwa ukirudi kila baada ya miezi michache, peleka choo kikapimwe ili ujue ni minyoo gani unaopigana nao, kabla ya kununua tembe nyingine.