Mirathi Haiishii Aya ya 12: Tuwafunze Watoto Alama za Msahafu

Katika nyumba nyingi za Waislamu msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili haukosekani, nao huwekwa mahali pa juu kwa heshima. Hushushwa Ramadhani, na wakati mwingine hushushwa siku jamaa wanapozozana juu ya mali ya marehemu. Siku hiyo ndipo hudhihirika kuwa kujua kusoma ni jambo moja, na kujua pa kutafuta ni jingine.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki bila mtoto wala mwenza, na wazazi wake wametangulia mbele ya haki. Ameacha dada mmoja wa baba na mama, pamoja na baba mdogo. Jamaa mmoja anafungua Suratun-Nisaa, anafika aya ya 12, anaona ndugu mmoja ametajiwa sudusi, kisha anafunga msahafu. Dada anaambiwa fungu lake ni moja ya sita. Kumbe haki yake ni nusu, nayo imetajwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 176, ambayo ndiyo ya mwisho. Ndugu wanaokusudiwa katika aya ya 12, kama walivyobainisha wafasiri, ni wale wa kwa mama. Msomaji hakusema uongo. Aliishia njiani, na dada akadhulumiwa.

Qur'ani Tukufu haikupangwa mlango kwa mlango kama vitabu vya fiqhi. Suratun-Nisaa huanzia juzuu ya 4 na kumalizikia juzuu ya 6. Mwenye kijuzuu cha 4 peke yake mkononi, hata akisoma kwa makini namna gani, aya ya 176 hataiona.

Ndiyo maana tunawasihi wazazi wawazoeze watoto kuzitumia alama zilizomo. Juu ya ukurasa, katika misahafu mingi, huandikwa jina la sura na namba ya juzuu. Kila aya ina namba yake. Tafsiri zetu, ikiwemo ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969, zina maelezo chini ya tafsiri. Humo ndimo msomaji hufahamishwa nani anayekusudiwa na hukumu inafungamana na lipi. Na pale penye faharasa ya mada, neno "mirathi" humwonesha msomaji aya zote zinazohusika, zilizo karibu na zilizo mbali.

Baada ya Magharibi, mzazi aweza kuuliza: aya ya kuandikiana deni iko wapi? Atakayefika Suratul-Baqara, aya ya 282, aulizwe ameifikiaje, na maelezo yake yanasemaje. Kesho iulizwe eda ya mjane, iliyo katika aya ya 234 ya sura hiyo hiyo. Mtoto atajifunza kutoridhika na jibu la kwanza analolikuta.

Kugawa mirathi ni kazi ya kadhi na wanazuoni, wala hatusemi kila nyumba ijitolee hukumu. Lakini familia iliyozoea kutafuta hadi mwisho itajua la kuuliza mbele ya kadhi, na itakuwa vigumu kumnyima yatima, mjane au dada fungu lake kwa aya iliyosomwa nusu.

Wallahu a'lam.