VITZ SI MOJA: SOMA HERUFI KABLA YA KUNUNUA SPEA

Bila shaka umekwisha kuiona Toyota Vitz. Ni gari dogo, fupi mbele na fupi nyuma. Siku hizi hubeba abiria na wagonjwa hata katika vijiji ambavyo zamani vilijua Land Rover tu. Watu husema "Vitz" kana kwamba ni gari la aina moja. Kumbe aina ni nyingi, na kutozijua kunaweza kukutia hasara.

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kijijini kwetu kilinunua Vitz iliyokwisha tumika, ya cc 1000. Siku moja injini ilichemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Kijana mmoja akapanda basi kwenda mjini. Akasema dukani, "Nipe gasketi ya Vitz, cc 1000." Akapewa. Aliporudi, fundi aliiweka juu ya injini, akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Gasketi ilikuwa na matundu manne makubwa. Injini ilikuwa na matatu. Nauli imekwenda, na gari likalala wiki nzima chini ya mwembe.

Je, mwenye duka alidanganya? Hapana. Ile nayo ilikuwa gasketi ya Vitz, cc 1000.

Vitz ya kwanza ilianza kuuzwa Japani Januari 1999. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos. Mwaka huo huo iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, na Australia kwa jina la Echo. Ile yenye buti nyuma Wajapani waliiita Platz, lakini Marekani nayo iliitwa Echo! Tangu 2001 Yaris zilitengenezwa pia Ufaransa, karibu na mji wa Valenciennes. Huko Ulaya ziliuzwa hata za dizeli, ambazo Wajapani hawakuuziwa. Toleo la pili lilitoka 2005, la tatu mwisho wa 2010. Mwaka 2020 jina la Vitz likaachwa hata Japani, na gari lililofuata likaitwa Yaris huko pia.

Hapa kwetu Tanzania, nyingi zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Wajapani nao hupita kushoto barabarani, kwa hiyo usukani wao uko kulia kama wetu.

Basi usitegemee jina. Chukua kadi ya gari, utafute namba ya chasisi. Gari likiwa limetengenezwa kwa ajili ya Japani, namba hiyo huanza na herufi na tarakimu chache, kisha kistari. Hizo za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya gari.

Ukiona SCP10, hilo ni toleo la kwanza, cc 1000, silinda nne. Ukiona KSP90, hilo ni toleo la pili, cc 1000 vilevile, lakini silinda ni tatu. Hapo ndipo kijana wetu alipokwama.

Za cc 1300 nazo zina mtego wake. SCP90 na NCP95 zote ni toleo la pili, zote cc 1300, ila injini ni mbalimbali. NCP95 huvuta kwa magurudumu yote manne. Kwenye tope inasaidia, lakini tumbo lake bado liko chini. Mawe hayaulizi magurudumu mangapi yanavuta.

Gia ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. SCP10 ya otomatiki ina gia nne za kawaida. KSP90 na SCP90 za otomatiki hazina gia za namna hiyo. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Gia hiyo ina oili yake, na mkebe wake huandikwa herufi tatu: CVT. Wako mafundi wanaosema oili ni oili tu. Usikubali. Oili isiyo yake huiharibu gia, na kuinunua nyingine ni fedha nyingi. Soma mkebe mwenyewe kabla haujafunguliwa.

Na kama gari ni Yaris ya Ulaya? Namba yake ya chasisi haina kistari. Ina herufi na tarakimu 17 mfululizo, na ile ya Ufaransa huanza na VNK. Hapo tafuta kibao cha gari chenye aina yake. Ukikuta KSP90 juu yake, injini ni ileile ya silinda tatu, ingawa jina la nyuma ni Yaris.

Kijana wetu alirudi mjini mara ya pili. Safari hii alikuwa na kipande cha karatasi, ameandika kwa mkono wake: KSP90. Mwenye duka akakisoma, akaenda kwenye shubaka jingine, akaleta gasketi ya matundu matatu.