Kutoa Upepo kwenye Breki Ukiwa Peke Yako

Dereva anapokanyaga breki, pedi husogea kidogo mno, kwa kawaida pungufu ya milimita moja, kisha huibana diski. Nguvu yote ya kusimamisha gari la zaidi ya tani moja inapita katika mwendo huo mdogo, na kinachoibeba kutoka mguuni hadi kwenye gurudumu ni kimiminika kilichomo ndani ya paipu nyembamba. Wenye magari wengi hukagua pedi na matairi, hubadilisha oili ya injini kwa wakati, lakini mafuta ya breki huyakumbuka taa inapowaka kwenye dashibodi. Hapo huongeza kidogo na kuendelea na safari. Kwangu hilo ni kosa kubwa, na sababu zake zilijulikana kabla gari lolote halijaundwa.

Mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake, lilichapishwa andiko la Mfaransa Blaise Pascal kuhusu vimiminika. Alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, shinikizo huenea sawasawa kila upande. Kwa hiyo pistoni ndogo ikisukuma upande huu, pistoni kubwa upande ule hupata nguvu kubwa zaidi, kulingana na ukubwa wa eneo lake. Chukua gari ambalo pistoni ya masta silinda, inayosukumwa na pedali, ina kipenyo cha milimita 20 na ile ya kalipa, inayozibana pedi, milimita 50. Eneo la pili ni mara sita na robo ya la kwanza. Pedali nayo ni wenzo, na tuseme inaizidisha nguvu ya mguu mara nne. Mkanyago wa kilo 20 unafika kwenye masta silinda ukiwa kilo 80, na kwenye pistoni ya kalipa unakuwa kilo 500. Hapo bado hatujaihesabu busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu.

Nguvu hiyo hailetwi bure. Pistoni kubwa inapata nguvu mara sita, lakini inasogea pungufu kwa kiasi hichohicho, na mafuta yanayosukumwa kila unapokanyaga ni kidogo sana. Mpango mzima unategemea kwamba kimiminika hakibanwi kirahisi. Hewa ina tabia nyingine: Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba ukizidisha shinikizo mara mbili, ujazo wa hewa unabaki nusu. Basi povu dogo la hewa likiwa ndani ya paipu, mguu wako unalibana hilo povu kwanza badala ya kuzisukuma pedi. Pedali inakuwa laini na kuzama. Ukiipampu mara kadhaa inapanda, kwa sababu kila mkanyago unaongeza mafuta kutoka kwenye kopo lake. Mtu akikwambia breki zimeshika upepo, hicho ndicho kilichotokea.

Upepo huingia paipu inapofunguliwa, au mafuta yanapopungua hadi kopo kubaki tupu. Ila kuna njia nyingine isiyoonekana. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hufyonza unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika. Unyevu hupenya polepole kupitia mipira ya breki na kifuniko cha kopo, na hewa ya pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, ina unyevu mwingi mwaka mzima. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Sasa fikiria gari limejaa abiria na mizigo, linateremka mlima Kitonga au linashuka milimani kutoka Lushoto kwenda Mombo, na dereva ameegemea breki badala ya gia ndogo. Kalipa inapata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Breki iliyokuwa imara asubuhi inakosa nguvu katikati ya mteremko.

Kuongeza mafuta juu hakutibu ugonjwa huu. Mafuta ya breki hayazunguki kama oili ya injini. Yale ya zamani hubaki kulekule kwenye kalipa, karibu na moto. Lazima yatolewe kupitia nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu iliyo nyuma ya kalipa.

Wengi huifanya kazi hii wakiwa wawili, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga. Wakipishana sekunde moja, pedali ikaachiwa kabla nipeli haijafungwa, upepo unarudi ndani. Ukiwa peke yako hatari hiyo unaweza kuiondoa kwa kifaa rahisi. Tafuta bomba la plastiki linaloonyesha ndani na linalobana vizuri kwenye nipeli, pamoja na chupa safi. Weka mafuta mapya kidogo ndani ya chupa na uzamishe ncha ya bomba humo, ili pedali ikirudi ivute mafuta, si hewa. Bora zaidi ni bomba lenye vali ya njia moja. Linauzwa kwa bei ndogo. Lipitishe likipanda juu kwanza kutoka kwenye nipeli, kwa kuwa povu hupanda.

Egesha mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, na usitegemee jeki peke yake, weka stendi. Vuta mafuta machafu ya kwenye kopo kwa bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, kisha ujaze mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kwa magari mengi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ila kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Legeza nipeli kwa spana ya ringi, maana spana ya mdomo huila pembe zake. Fungua kati ya robo na nusu mzunguko, kisha nenda ukanyage pedali taratibu. Kwenye gari la zamani weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni: sehemu ya silinda isiyofikiwa kila siku huwa na kutu, na mipira ya pistoni ikipita hapo huchanika. Angalia kopo kila baada ya mikanyago michache, lisikauke kamwe. Mafuta yakitoka safi bila povu, funga nipeli na uhamie gurudumu linalofuata.

Ipo pia pampu ya mkono ya kuvuta mafuta kwenye nipeli. Sipendi sana kuitumia, kwa sababu huvuta hewa kupitia nyuzi za nipeli na kukuonyesha mapovu yasiyokwisha hata pale breki zilipo safi. Kifaa cha kusukuma mafuta kutokea juu ya kopo, kwa shinikizo la takriban bar 1, ni kizuri kuliko vyote, ila bei yake ni kubwa kwa mwenye gari moja.

Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja, kwa kuwa huila. Usiweke oili ya injini wala ya haidroliki. Huvimbisha mipira yote. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na DOT 3 wala DOT 4. Hewa ikiingia kwenye kitengo cha ABS, au kama gari lako ni haibridi, mpelekee fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Na kabla ya kuingia barabarani, washa injini, kanyaga kwa nguvu, ushikilie: pedali ikizama, gari lisitoke.

Kama umenunua gari lililotumika na hujui mafuta haya yalibadilishwa lini, yabadilishe kabla ya kulipeleka mlimani, kisha urudie kila baada ya miaka miwili. Kwa magari madogo mengi, lita moja inatosha.