Bukavu: magoti yakiuma kila siku, moyo nao unahitaji msaada

Mjini Bukavu hakuna safari isiyo na mlima. Mama anayetoka soko la Kadutu na mzigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, hahesabu kilometa, anahesabu vipandio. Mama yangu alibeba hivyo miaka mingi, na ndiyo mizigo iliyonilipia masomo. Leo, kila asubuhi, anakaa kwanza kitandani akisugua magoti, kisha ndiyo anajaribu kusimama.

Kwetu wengi wanaita hiyo rumatisma, hata kama magonjwa yenyewe ni mengi. Ulio wa kawaida zaidi ni kulika kwa gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. OMS, Shirika la Afya Duniani, inasema mwaka 2019 watu karibu milioni 528 walikuwa wanaishi nao, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Goti ndilo linashambuliwa zaidi. Dawa inapunguza maumivu, lakini gegedu iliyolika hairudi.

Basi mtu ataishi vipi na maumivu yasiyoisha?

Mwaka 1965, watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango: unaweza kupitisha habari ya maumivu au kuizuia, na ubongo una sauti katika jambo hilo. Woga, huzuni na usiku bila usingizi vinaufungua. Utulivu, mazungumzo na kazi unayoipenda vinaufunga kidogo. Hiyo haimaanishi kwamba mgonjwa anajiwazia tu. Maumivu ni ya kweli. Nasisitiza kwa sababu nyumbani wagonjwa wanasikia maneno mawili: "unajifanya," ao "ni karuho, jirani amekulisha sumu." La kwanza linaleta haya, la pili linaleta uadui katika kartie. Hakuna hata moja linalopunguza maumivu.

Mtego mkubwa, nilivyouona kwetu, ni siku nzuri. Mama akiamka bila maumivu makali, anafua, anatwanga sombe, anateremka sokoni, yote kwa siku moja. Kesho yake halali, na kwa siku tatu anaogopa hata kufika mlangoni. Asipotembea, misuli ya paja inalegea, na goti linabeba uzito zaidi. Woga unazaa maumivu mapya.

Waganga wanaofuata wagonjwa wa namna hii wanashauri kugawa kazi kwa saa, si kwa maumivu: dakika 20 za kazi, kisha kukaa, hata kama unajisikia vizuri. Kutembea kidogo kila siku. Kupumua polepole wakati maumivu yanapanda. Na kusema wazi nyumbani kile usichoweza tena. Hilo la mwisho ndilo lilimshinda mama kwa muda mrefu. Kumwachia kijana mzigo wake kulimuumiza kuliko goti.

Tahadhari moja: vidonge vya kupunguza uvimbe vinavyonunuliwa farmasia bila karatasi ya munganga vinaweza kuharibu tumbo na figo. Goti likivimba ghafla na kuwa moto, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mtu akipoteza hamu ya kula na ya kuongea kwa wiki mbili, hiyo pia ni ya kumwambia munganga. Mjini kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili. Kwenda kuomba msaada pale si kuwa mwenda wazimu.

Mama alikuwa ameacha kwaya kwa sababu hawezi kupiga magoti, akaona haya. Jioni za kukaa peke yake ndizo zilizorefusha usiku wake. Siku hizi amerudi. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na wengine wanapopiga magoti, yeye anainamisha kichwa tu. Hakuna anayegeuka kumwangalia.