MUHOGO UNATAKA SIKU TATU
Sayansi nne ndani ya sufuria moja



Mara nyingi tukisikia neno "utafiti" tunafikiri ni mambo ya Ulaya na Marekani, ya watu wenyi makoti meupe na mashini za bei kali. Sisi wa Biokimia tunaandika formula ubaoni, tunazishika kichwani juu ya egzame, kisha tunazisahau. Katika ukurasa huu nataka kuonyesha kwamba biolojia, kemia, uhandisi na sayansi ya vifaa, vyote vinne vinakutana ndani ya kitu kimoja ambacho wengi wetu tunakulaka kila siku: muhogo. Na zaidi ya hayo nataka kueleza jambo ambalo linaweza kuokoa miguu ya mtoto: juu ya nini muhogo mchungu unalala siku tatu ndani ya maji, wala si siku moja.

1. MMEA WENYI KUJILINDA

Muhogo si mmea wa Afrika tangu mwanzo. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliufikisha kwenye mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16. Kutoka pale ulipanda bara pole pole, mkono kwa mkono, mpaka ukafika kila kijiji. Leo nchi yetu ni mojawapo ya zile zinazolima muhogo mwingi kuliko zote duniani.

Watu waliupenda kwa sababu unavumilia udongo mbaya, unangoja ndani ya ardhi miezi mingi, na ule mchungu wanyama wa pori hawaushambulii sana. Hapo ndipo biolojia inaanza. Mmea hauwezi kukimbia adui, kwa hiyo unatengeneza silaha. Majani ya muhogo yanachukua asidi amino moja inayoitwa valini na kuigeuza kuwa linamarini. Linamarini inashuka mpaka kwenye mizizi na kuwekwa akiba ndani ya seli.

Linamarini yenyewe imetulia. Lakini kwenye ukuta wa seli kuna enzimu inayoitwa linamarase. Ni kama mtu mwenyi kuweka petroli ndani ya nyumba moja na kiberiti ndani ya nyumba ingine. Mnyama akitafuna, au mama akitwanga, kuta zinavunjika, petroli inakutana na kiberiti. Matokeo yake ni sianidi ya hidrojeni, sumu kali sana, maana inazuia seli za mwili kutumia oksijeni. Damu inaleta oksijeni, lakini seli haiwezi kuitumia.

Muhogo tunaouita mtamu una linamarini pia, ila ni kidogo. Na majani ya sombe yanayo pia. Njo maana wamama wanayatwanga vizuri na kuyapika muda mrefu.

2. KEMIA YA MAJI NA JUA

Sasa mtu atauliza: kama muhogo una sumu hivyo, juu ya nini hatufi? Jibu ni kwamba wazee wetu, hasa wamama, walipata kemia yake bila labo.

Muhogo ukilowa siku tatu, unalainika. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vinauchachusha, kuta za seli zinavunjika zenyewe, na enzimu inafikia linamarini. Sianidi inatoka. Sehemu ingine inaingia katika maji na kumwagwa, sehemu ingine inaruka hewani. Sianidi ya hidrojeni inachemka kwenye digrii 26 hivi tu. Hapa Kindu mchana joto linapita kiasi hicho, kwa hiyo jua letu ni mfanyakazi asiyedai mshahara. Kisha muhogo unaanikwa, unakuwa kosete, unasagwa, unakuwa unga wa bugali.

Lakini enzimu inataka wakati na inataka maji. Ukiondoa muhogo siku ya kwanza, kazi imeachwa katikati. Na hapa kuna kosa ambalo wengi tunalo vichwani: kufikiri kwamba mashini ya kusagia inasafisha. Hapana. Kosete ikiisha kukauka, linamarini iliyobaki inakaa pale pale ndani ya unga, maana bila maji enzimu haifanyi kazi. Unga unaweza kuwa mweupe sawa pamba na bado una sumu. Kipimo kilichokubaliwa na mashirika ya dunia ya chakula na ya afya ni miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga, wala isizidi. Macho hayawezi kupima hiyo.

Mwili nao una njia ya kujitetea. Unachukua sulfuri kutoka katika protini na kuigeuza sianidi kuwa tiosianati, ambayo inatoka na mkojo. Mtu anayekula bugali na samaki, maharagi au nyama ana sulfuri ya kutosha. Mtu anayekula bugali mtupu, asubuhi na mangaribi, wiki kwa wiki, hana. Kwa hiyo sumu inamshinda maskini mbele ya wengine wote.

3. UGONJWA WA KONZO

Sumu hii ikiingia kidogo kidogo kwa majuma mengi, inaweza kuleta ugonjwa unaoitwa konzo. Neno hilo ni la Wayaka wa Kwango, na linaonyesha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Mtoto analala mzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu inakaza na kutetemeka. Katika siku chache ugonjwa unafika mwisho wake, hauzidi tena, lakini hauponi. Atatembea kwa vidole vya miguu, au kwa fimbo, au hatatembea. Unashika hasa watoto waliopita miaka mitatu na wamama wenyi umri wa kuzaa. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Kwingine pia umeonekana. Katika mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walishikwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Kule Tarime, kaskazini ya Tanzania, ulitokea katika miaka ya 1980, na watafiti Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling wakauandika mwaka 1990 kwa jina hili la kwetu, konzo. Mwaka 2011 waganga wa Kivu ya Kusini, jirani yetu kabisa, walitoa habari kwamba umetokea kwao pia, katika sehemu zilizoharibiwa na vita. Basi tusiseme ni ugonjwa wa watu wa mbali.

Ni nini inaleta konzo mahali ambapo watu wanajua kuloweka muhogo tangu zamani? Jibu lilitafutwa Bandundu. Mwaka 1992 Banea, Mkongomani, na Tylleskär, mtafiti kutoka Sweden, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba watu walifupisha kazi. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta biashara. Malori yalikuwa yanangoja muhogo. Watu wakaanza kuutoa majini baada ya siku moja au mbili. Pesa ilipatikana haraka, na unga wenyi sumu ukabaki katika sufuria za nyumbani.

Ndugu zangu, jambo hili linafaa kutufikirisha. Barabara si mbaya. Biashara si mbaya. Lakini muhogo haujui bei ya soko. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na hapa tunaweza kulieleza neno hilo kwa formula.

4. BESENI, MKEKA NA KARATASI YA MANJANO

Sasa tuje kwa utafiti mupya. Profesa Bradbury wa Australia na wenzake walitafuta njia ya kusafisha unga uliokwisha kusagwa. Njia yao haina mashini. Ni hii:

a) Tia unga mkavu ndani ya beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni mahali unga umefika.
b) Ongeza maji ukikoroga. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji.
c) Tandaza unga ule mubichi juu ya mkeka safi. Unene usipite sentimeta moja.
d) Ngoja saa mbili juani, ao saa tano kivulini.
e) Pika bugali siku ile ile.

Mmeona kemia yake? Maji yanaamsha enzimu iliyokuwa imelala katika unga mkavu, linamarini inavunjika, na sianidi inaruka hewani kwa sababu unga umetandazwa mwembamba. Ukiufanya mlima, hewa ya ndani haitoki.

Tangu mwaka 2010 Daktari Banea na wenzake walifundisha njia hiyo kwa wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika Popokabaka, mahali ambapo konzo ilikuwa imeshika watu wengi. Katika muda wa kazi hiyo hawakupata mgonjwa mupya hata mmoja. Kisha vijiji vingine vikafundishwa. Angalia: hakuna dawa iliyonunuliwa, hakuna shamba lililobadilishwa. Ni beseni, mkeka, na mama aliyeelewa.

Kupima nako kumerahisishwa. Tangu mwaka 1998 iko chombo kidogo cha karatasi yenyi pikrati. Unatia unga kidogo, maji na enzimu ndani ya kichupa, unaning'iniza karatasi ya manjano, unafunga mpaka kesho. Karatasi ikigeuka kahawia, sianidi ipo. Kadiri inavyokuwa nyeusi zaidi, kadiri sumu ilivyo nyingi. Huo ndio uhandisi mzuri: kuchukua kazi ya labo kubwa na kuiweka mahali penyi kukosa umeme.

5. WATAFITI WANATAFUTA NINI SASA?

Wengine wanatafuta mumea wenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Kenya, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, walitumia mkasi wa jeni unaoitwa CRISPR kukata jeni moja inayoanzisha kazi ya kutengeneza linamarini. Mimea yao ikawa na sianidi kidogo kuliko ya kawaida. Wengine wa California walifanya kazi ya namna hiyo pia. Ni jambo kubwa, lakini tukumbuke nukta ya kwanza: sumu ile ni mlinzi wa shamba. Ukimfukuza mlinzi, nguruwe wa pori atasema nini? Kwa hiyo kabla ya kupanda mihogo hiyo kila mahali, inahitaji kujaribiwa kwa uangalifu.

Wengine wanatazama tumbo la mtu. Mwaka 2021 kundi la Bramble, Tshala-Katumbay na wenzao walichapa utafiti juu ya vijidudu vya matumbo ya watoto wa Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba. Walikuta kwamba vijidudu vinatofautiana, na wanafikiri vingine vinasaidia kuvunja linamarini ndani ya tumbo lenyewe. Na mbele ya hapo, mwaka 2013, uchunguzi wa Kahemba ulionyesha kwamba hata watoto wasio na konzo, katika nyumba zenyi konzo, walipata matokeo ya chini katika majaribio ya akili. Sisi wanafunzi tusikie hiyo mara mbili. Sumu hii haigusi miguu tu, yaweza kugusa darasa pia.

Kwa upande wa vifaa: wanga wa muhogo unatengeneza gundi, na ukichanganywa na gliserini na kupashwa moto unakuwa kitu kama plastiki ambacho kinaoza udongoni. Shida yake ni kwamba kinapenda maji na kulainika, na watafiti wanaongeza nyuzi za mimea kukitia nguvu. Nchi yetu ilikataza mifuko ya plastiki kwa dekre ya mwisho wa mwaka 2017, lakini mitaro ya mitaa bado inayo. Labda mmoja wetu atafanya kazi hiyo siku moja.

6. TUFANYE NINI?

Mkasi wa jeni haujafika Kindu. Maarifa mengine yamefika, nayo ni haya:

- Muhogo mchungu ulale siku tatu kamili majini, uliomenywa. Mama akisema "watoto wana njala, toa leo", mweleze kwa heshima, usimbishie.
- Maji uliyolowekea yamwagwe mbali, yasipewe mbuzi wala kuku.
- Unga ulionunua sokoni, ambao hujui ulilowa siku ngapi, fanya kazi ya beseni na mkeka.
- Bugali ipate mwenzake: samaki wa mto, maharagi, karanga.
- Mtoto aliyekaza miguu kwa ghafula apelekwe kwa munganga upesi. Asisemwe amerogwa, na nyumba yake isitengwe.

Jambo hili la mwisho naliweka kwa nguvu. Mtu anayejua njia ya sianidi hana haja ya kumshitaki bibi kizee wa jirani.

MASWALI YA KUJIJARIBU
1. Kwa nini kusaga kosete kavu hakupunguzi linamarini?
2. Kwa nini unga mubichi utandazwe mwembamba?
3. Eleza kazi ya sulfuri katika mwili wa mtu anayekula muhogo.
4. Ungefanya nini kama mfanyabiashara anataka kosete zako leo, na muhogo umelala siku moja tu?

Swali la nne halitatoka katika egzame ya Serikali. Lakini likizo inakaribia, na wengi wetu tunarudi kwa wazazi vijijini. Huko ndiko litakapoulizwa.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa sita, Biokimia